Fundi Feliksi Ntamuti na Sailensa ya Wodi ya Wazazi

Tarehe 30 Juni 2001 Fundi Feliksi Ntamuti anakabidhi funguo za karakana ya Kituo cha Afya Mwahunga, baada ya kukitumikia kituo hiki kwa miaka thelathini. Funguo zenyewe zimebaki mbili. Wa tatu aliuangusha ziwani akiwa bado mgeni kazini, na tangu siku hiyo stoo ya vipuri inafungwa kwa waya. Tunamshukuru kwa yote aliyotufanyia, na huo waya tutautunza.

Tumezoea hapa kwetu kwamba mstaafu asomewe wasifu wake kwa kipaza sauti, yeye amekaa meza kuu na soda mbele yake, akijifanya haoni aibu. Safari hii Kamati ya Sherehe imeamua vingine. Wasifu umechapwa ndani ya ratiba, kila mgeni ana nakala yake, na nakala ya Fundi imepigwa kwa herufi kubwa. Sababu itaonekana huko mbele. Naomba kila mmoja asome mpaka mwisho bila kurukaruka, maana mwishoni kuna kazi ya kufanya wote kwa pamoja.

Mwandishi ni Aikande Mshana, muuguzi mkunga. Nililetwa Kigoma kutoka Same mwaka 1989, nikiwa na sanduku moja na imani kwamba nitakaa miaka miwili tu. Mganga Mfawidhi wetu amenipa kazi hii kwa madai kwamba hakuna mtu kituoni aliyegombana na Fundi Feliksi mara nyingi kama mimi. Ni kweli tupu. Sisi Wapare tunasemwa kwa kupenda kesi, na Fundi alinipa kesi za kunitosha.

Alizaliwa Ilagala, karibu na pale Mto Malagarasi unapoingia ziwani, katika nyumba ya wavuvi wa dagaa na wakamuaji wa mawese. Baba yake alimtaka awe mvuvi, yeye akapenda injini. Aliajiriwa Julai 1971 kuwa msaidizi wa nahodha kwenye boti ya chanjo ya kituo, na ufundi aliupata kwa njia ya kawaida ya zama zile: kufungua kitu kizima, kubakiwa na nati mkononi, na kutafuta taratibu ilikotoka. Unyenyekevu hakujaliwa. Kila alichokitengeneza alikiita cha kwanza Afrika Mashariki, ukiwamo mlango wa choo cha wafanyakazi.

Boti ile ya chanjo ndiyo iliyomwingiza katika habari ya kelele. Bomba lake la moshi lilikuwa limekatika, na mlio wa injini ulitangulia kijijini muda mrefu kabla ya boti yenyewe. Watoto wa mwambao walikuwa wameshaujua. Wakiusikia tu, wanakimbilia milimani, na wauguzi wakifika ufukweni wanapokewa na kina mama wenye mbeleko tupu mgongoni. Fundi, enzi hizo kijana mwenye nywele nyingi, akaona dawa ni kuinyamazisha injini. Akatafuta debe, akalitobolea matundu, akalivisha kwenye bomba, na safari iliyofuata boti ikaingia kijijini polepole, bila mtu kugeuka.

Kweli, watoto hawakukimbia. Tatizo ni kwamba mama zao nao hawakusikia. Walikuwa mashambani na kwenye michikichi, na wauguzi walishinda ufukweni na chanjo yao wakitazamana na bata. Safari nyingine ikabidi mtu atangulizwe na ngoma, na haikuchukua muda watoto wakaijua ngoma. Tangu hapo Fundi amekuwa akiwaambia vijana wa karakana kwamba kelele nyingine ni taarifa, na fundi asinyamazishe kitu kabla hajauliza ni nani anakisikiliza.

Mwenyewe alikuwa mtu wa kusikiliza. Alikuwa na kijiti cha mninga, kirefu kama mkono wake. Ncha moja aliigusisha kwenye injini, nyingine akaipachika sikioni, kisha akafumba macho. Kwa kijiti hicho alijua beringi ipi imechoka na nozeli ipi inavuja, na mara chache sana alikosea. Mimi nami nina pembe yangu ya bati, ile tunayoiweka juu ya tumbo la mama mjamzito ili tusikie moyo wa mtoto. Kwa hiyo kituo kilikuwa na watu wawili walioajiriwa kusikiliza. Siku moja pembe yangu ilipotea, nikaikuta karakana, imejaa grisi, Fundi ameielekeza kwenye pampu ya maji na amefumba macho kwa utulivu kama mtu aliye ibadani. Niliyomwambia siku ile hayaandikiki kwenye ratiba ya sherehe. Yeye alijitetea kwamba pampu ilikuwa na dalili zote za ujauzito na alitaka uhakika kabla ya kuniita.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Mwaka 1993 tulipokea ndugu zetu kutoka Burundi, na mwisho wa mwaka 1996 wakaanza kuvuka wale wa ng'ambo ya Kongo. Boti zilizoegesha mwambao wetu zilishusha watu waliokaa majini muda mrefu, wengine wakiwa na sufuria moja, wengine na mtoto wa jirani. Wagonjwa na wajawazito walipitia kwetu kabla ya kupelekwa makambini. Wodi yetu ya wazazi ilikuwa na vitanda sita. Ikawa na kina mama kwenye mikeka, hadi barazani. Wenyeji wa mwambao hawakutuacha: kanga zilitoka Ujiji na Kasingirima, uji ulitoka nyumba kwa nyumba, na Winfrida wetu wa jikoni alipika tangu alfajiri mpaka mikono ikamvimba.

Katika hali hiyo shirika moja la misaada lilituletea jenereta. Tulishangilia. Ilikuwa na injini ya dizeli ya silinda mbili, nzito, yenye nguvu, na barabara ya kuja kwetu ilikuwa imeikung'uta sailensa yake ikaanguka porini. Ikafika na bomba wazi. Waya tuliokuwa nao ulikuwa mfupi, kwa hiyo kibanda chake kilijengwa palepale waya ulipofika, nyuma ya ukuta wa wodi ya wazazi.

Ilipowashwa mara ya kwanza, vikombe vya chai vilitembea vyenyewe mezani. Wapo kina mama walionyanyua watoto na kutoka mbio, maana walikuwa wameikimbia milio ya namna hiyo huko walikotoka. Walitulizwa, wakaizoea. Mimi sikuweza kuizoea, wala halikuwa jambo la kuzoea. Moyo wa mtoto tumboni una sauti ndogo, kama saa ya mkononi uliyoifunga ndani ya mto. Jenereta ikiwaka, pembe yangu ilinipa mngurumo mtupu. Ikizimwa, nilisikia, lakini wodi nzima imeingia giza, pampu ya maji imesimama, na kuiwasha upya kulihitaji wanaume wawili na hendeli. Tukawa tunachagua, kuona au kusikia, na kila tulipochagua kulikuwa na mama aliyekosa kimojawapo.

Nikapeleka kesi karakana. Niliipeleka asubuhi na jioni, na siku Fundi aliponiona kwa mbali akaingia chini ya gari, niliinama nikaisema kesi hukohuko chini.

Sailensa yake ya kwanza ilikuwa ya Ki-Ilagala kabisa. Kwao, makapi ya mawese, yale makumbi yanayobaki baada ya kukamua, hutumika kwa kila kitu: kuwashia moto, kuzibia, kutandikia. Fundi akafikiri kwamba kitu laini namna hiyo kitaimeza kelele. Akayashindilia ndani ya kopo la mafuta ya msaada, akalifunga kwenye bomba. Injini ikawashwa, kelele ikapungua, na kabla hatujamaliza kupongezana alishatangaza kwamba ni sailensa ya kwanza ya mawese Afrika Mashariki. Kisha makapi yakapata moto. Harufu ya mafuta yanayokaangwa ikajaa wodini, na wagonjwa waliokuwa hawajala tangu ziwani wakaanza kuinuka na kuuliza chakula kiko wapi. Kopo lilifyatuka likatua juu ya paa la jiko, na Winfrida alitoka na mwiko mkononi kutafuta nani amelitupa.

Ya pili aliijaza stilwaya ya kusugulia masufuria, ambayo nayo ilitoka jikoni bila Winfrida kuombwa. Safari hii aliishindilia kwa nguvu zote na tundu la kutokea akaliacha dogo. Kelele ilikufa karibu yote. Lakini moshi nao ulikosa njia. Injini ikakabwa koo, taa zikafifia zikawa nyekundu kama makaa, na mwishowe ikakohoa masizi meusi juu ya mashuka yote ya wodi yaliyokuwa kambani. Nilimwambia kwamba hata mama aliye kwenye uchungu tunamwambia apumue, hatumzibi mdomo. Nilisema kwa hasira, yeye akalichukua kama somo, akakaa juu ya tairi akiwaza.

Hapo ndipo alipoingia Mwalimu Benedict. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mwalimu wa fizikia, mtaratibu, na alijitolea kuwa mkalimani wetu wodini. Wawili hawa hawakufanana hata kidogo. Mmoja alitoa salamu ya asubuhi, mwakeye, kwa sauti ya kuamsha kituo kizima, mwingine aliitikia kwa kuinamisha kichwa. Mwalimu alimchukua Fundi mpaka kwenye ukuta wa mawe wa gati yetu, mahali ambapo boti hutulia hata ziwa likichafuka. Kila mtoto wa Ilagala anajua mahali pa namna hiyo pa kulaza mtumbwi. Fundi alipajua pia, ila hakuwahi kujiuliza kwa nini maji ya hapo yanatulia.

Mwalimu akamwonyesha. Wimbi linakuja, linagonga ukuta, linarudi. Likirudi linakutana na lile linalokuja, na pale mgongo wa hili unapokutana na bonde la jingine, yanamalizana, maji yanalala. Mlio wa injini nao ni mawimbi, ila ni ya hewa. Kila silinda inapotoa moshi inaisukuma hewa kwa kishindo, kisha hewa inarudi nyuma, kisha inasukumwa tena. Ukiupa mlio huo chumba chenye ukuta, na urefu wa chumba ukawa sawasawa, utagonga, utarudi, na utaukuta mlio mwingine katika hali ya kinyume. Vitamalizana humo humo. Moshi hauna habari na ugomvi huo, unapita zake kwa bomba jingine na kutoka nje. Mwalimu alichora mawimbi hayo kwa mkaa kwenye ukuta wa karakana, na mchoro uko pale hadi leo. Mwaka jana wapaka rangi walipofika, Fundi alisimama mbele yake amekunja mikono mpaka wakaondoka.

Kwa sailensa ya tatu walitumia mtungi wa gesi uliokwisha muda wake. Fundi aliujaza maji kwanza ndipo akaukata, ili mabaki ya gesi yasije yakatuaga kwa mlipuko. Ndani walichomelea kuta, vikapatikana vyumba vitatu vya urefu tofauti, kwa sababu injini haina sauti moja, ina nzito na nyembamba. Katikati walipitisha bomba lenye matundu mengi madogo, wakalizungushia stilwaya iliyolegezwa ili ile sauti nyembamba ya kukwaruza iishie humo. Mwalimu alipiga hesabu, Fundi alikata. Walipowasha, mtungi wote ukavuma kama mzinga wa nyuki.

Ugomvi uliofuata ulitufurahisha sana wengine. Mwalimu alisema vipimo vya Fundi vimepinda. Fundi akasema hesabu za Mwalimu ndizo zilizopinda. Wote walisema kweli. Ukuta mmoja ulikuwa umechomelewa upande, na Mwalimu naye akakumbuka, akijipiga paji la uso, kwamba alipiga hesabu ya hewa ya ufukweni. Moshi wa injini ni moto, na ndani ya hewa ya moto sauti hukimbia zaidi, kwa hiyo vyumba vilitakiwa viwe virefu zaidi. Wakakata upya. Kwa wiki kadhaa Fundi alisimama kando ya injini ile ikiwa wazi, siku nzima, sikio karibu na bomba, akisikiliza tofauti ya kila ukuta aliousogeza. Tulipomwambia ajizibe masikio alijibu kwamba hakuna mtu anayesikiliza kwa masikio yaliyozibwa.

Jioni moja mtungi uliorefushwa ulikuwa umelala chini nje ya kibanda, umekamilika, ukisubiri injini ipumzike ili ufungwe. Injini haikuweza kupumzika. Katika chumba cha pili Mganga Msaidizi alikuwa anamshona mama aliyetoka damu nyingi baada ya kujifungua, na taa ikizimwa dakika chache tu tungempoteza. Ndipo ilipoingia boti kutoka ng'ambo, na kwenye boti hiyo alikuwamo Rozalia.

Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika. Hii ya pili ilikuwa imefikia mwezi wake. Humo botini alibanwa na watu na mizigo, wimbi likawarusha, na tangu asubuhi mtoto hakucheza. Aliniambia kwa Kiswahili chao cha ng'ambo, "Mama, mutoto amenyamaza." Alikuwa ameshaanza kumlilia kimoyomoyo, nilimwona usoni.

Nilihitaji kujua jambo moja tu, kama moyo ule unapiga na unapiga namna gani. Ukiwa unapiga vibaya, hapakuwa na kungoja, gari ling'oke kwenda hospitali mjini saa ileile. Nikaweka pembe, nikasikia injini. Nikabonyeza, nikasikia injini. Nikamwinua nimpeleke mbali na kelele, uchungu ukamshika mlangoni akashindwa kupiga hatua. Kuzima jenereta ilikuwa kumuua mama wa chumba cha pili. Nikatoka barazani nikampigia Fundi Feliksi kelele ambazo, yeye mwenyewe anasema, zilizidi za injini.

Hakuuliza kitu. Alilowesha magunia mawili, akayaviringisha mikononi, yeye na Mwalimu Benedict wakaunyanyua mtungi na kuuingiza kwenye bomba injini ikiwa inawaka, bomba limeiva kwa moto. Mwalimu alishika kitako. Fundi alikuwa mbele, uso mdomoni mwa bomba, akikaza ukanda wa chuma kwa spana huku mlio wote wa silinda mbili ukimpiga moja kwa moja. Magunia yalitoa mvuke. Mimi nilikuwa nimesharudi kwa Rozalia, mkono wangu tumboni mwake.

Mlio ukakatika, ukabaki mkoromo wa chinichini. Taa haikufifia. Kwa mara ya kwanza tangu jenereta ile ifike, nilimsikia mtu akikohoa upande wa pili wa wodi. Nikaweka pembe, nikaweka sikio, nikafumba macho. Kwanza nilisikia damu ya mama ikipita. Nikaisogeza pembe kidogo, nikaisogeza tena, na nikampata, amechoka, anapiga polepole kuliko inavyotakiwa, lakini yupo. Nilimwambia Rozalia yupo. Gari liliondoka papo hapo, madaktari wa mjini wakamfanyia upasuaji, na mtoto wa kike akatoka akilia. Yule mama wa chumba cha pili naye alipona, na alirudi kutusalimia na ndizi mkungu mzima.

Rozalia alimwita binti yake Verediana. Wodi ilimwita Sailensa, na jina hilo limemganda hadi kambini wanakoishi, ijapokuwa sijapata kuona mtoto mwenye kelele kama yule. Wamepata kibali cha kuja leo. Mkisikia kiti kinaanguka nyuma ya ukumbi, ni yeye.

Baada ya hapo sifa zilimfuata Fundi, na yeye hakuzikimbia. Jenereta ya msikiti mmoja wa Ujiji ilikuwa inaizidi adhana kila umeme ukikatika. Wazee wakamfuata, akawachongea sailensa, na kila Idi hadi leo hupelekewa sahani ya pilau ambayo huila mbele yetu bila kumkaribisha mtu. Mashine ya kusaga ya Gungu iliyokuwa inagombanisha majirani aliinyamazisha, akasuluhisha na majirani wenyewe. Boti ya wagonjwa aliipa sailensa nzuri, akaipa na honi, kwa kuwa somo la wale bata hakulisahau.

Sasa naifikia ile sababu ya herufi kubwa. Kama miaka miwili iliyopita watu walianza kunong'ona kwamba Fundi amekuwa na maringo. Anapewa shikamoo na vijana, anapita. Anaitwa kwa jina, haitiki. Kisha siku moja jenereta iliishiwa oili ikaanza kugonga, mlio ambao zamani angeusikia akiwa kwake kitandani, na nikamkuta amesimama kando yake anatabasamu. Nilimwendea kwa nyuma nikasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba chai iko tayari na leo kuna chapati. Fundi Feliksi hajapata kuikosa chai katika miaka thelathini. Hakugeuka.

Kinyozi hajinyoi. Hospitalini walisema masikio yamechakaa kwa kelele za miaka mingi, na zile wiki za kusimama kando ya bomba wazi ndizo zilizoyamaliza. Alipoelezwa hayo alitaka daktari afafanue kitaalamu kama yaliuawa na jenereta au na Muuguzi Aikande. Watu walicheka. Mimi nilienda kulia kwenye stoo ya vipuri, ile inayofungwa kwa waya, na sioni haya kuliandika hilo. Wodi yangu inasikia kwa sababu yeye hasikii. Nimewasikia watoto wengi sana tangu jioni ile, na sijui shukrani ya jambo kama hilo inatolewaje.

Hakuacha kazi. Kijiti cha mninga alimpa Meshack, fundi anayechukua nafasi yake, na yeye mwenyewe akaanza kutumia viganja. Anaweka mikono miwili juu ya meza ya karakana, ile ndefu ya mbao inayogusana na ukuta wa jenereta, anafumba macho kama zamani, na kupitia mbao anajua injini inakwendaje. Mwaka huu peke yake amegundua kasoro mbili kwa njia hiyo kabla ya Meshack na kijiti chake. Ameacha pia amri moja, imeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu, kwamba hakuna atakayekaribia injini iliyo wazi bila kuziba masikio. Meshack anaifuata, maana Fundi humkagua kwa kumtia kidole sikioni.

Tunamshukuru mke wake, Mama Edina, aliyetuazima mume huyu kwa muda mrefu na kumpokea kila jioni akinuka dizeli. Anatuambia kwamba siku hizi wanazungumza kwa mikono na nyuso, na kwamba mzee amekuwa msikivu kuliko alipokuwa akisikia. Wanarudi Ilagala kwenye michikichi yao. Fundi ana mpango wa kutengeneza mashine ya kukamulia mawese, ambayo itakuwa ya kwanza Afrika Mashariki. Majirani wa huko tunawaomba wayaweke makapi mbali naye.

Mwalimu Benedict bado yuko nasi na leo ameketi kuume kwake. Rozalia ameketi kushoto.

Fundi wetu, ahsante. Ukaone wajukuu, ziwa likupe dagaa, mwili ukupe nguvu, na Mungu, huyo mnayemwita Imana, akutunze wewe na Mama Edina siku zote mlizobakiza. Ukikosa usingizi kwa kutukumbuka, panda gari uje, chai ipo na chapati tutapika.

Sasa ile kazi niliyoahidi. Wageni waalikwa, makofi hatayasikia, kwa hiyo asipige mtu. Mtakuwa mmeona kwamba meza kuu ya leo ni ile meza ya mbao kutoka karakana, na kwamba meza zote za ukumbini tumezisogeza zikagusana, kutoka ya kwake hadi ya mwisho kule mlangoni. Haikuwa uhaba wa nafasi. Kila aliyefika mstari huu aweke nakala chini, apige meza kwa viganja vyake viwili kama wabunge wanavyofanya, na Sailensa naye mwacheni apige atakavyo. Msiache mpaka Fundi ainue kichwa.

Na wewe, Fundi Feliksi, ukiisha kusoma hapa, weka mikono yako mezani.